Kuinua nyusi kwa upasuaji: kovu litakaa wapi?

Matangazo ya kuinua nyusi siku hizi yanafika hadi kwenye simu za vijijini: picha mbili za uso mmoja, kabla na baada. Kovu halionyeshwi. Kwa maoni yetu, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hilo: atakata wapi?

Njia ya zamani ni kupasua ngozi ya kichwa ndani ya nywele, kutoka sikio hadi sikio, kisha kuvuta paji la uso juu. Nywele hulificha kovu, lakini nazo husogea nyuma, kwa hiyo mwenye paji pana hulizidisha, na mwenye upara hana pa kulifichia kovu. Utosi huweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine isiondoke kabisa.

Njia ya pili hutumia kamera nyembamba inayopitishwa kwenye matundu madogo matatu hadi matano ndani ya nywele. Makovu ni madogo, ila inahitaji mashine na mkono uliozoea, na ngozi nzito iliyolegea sana haiinuki vya kutosha.

Ya tatu ni kukata kipande cha ngozi juu tu ya nyusi. Huinua vizuri, na sindano ya ganzi hutosha. Inawafaa zaidi wazee, ambao kovu lao hujificha kwenye mikunjo, na waliopooza upande mmoja wa uso. Kijana atatembea na kovu usoni. Isitoshe, sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi na makovu yanayovimba na kuota nyama. Kama tundu la hereni lilikufanyia hivyo, mwambie daktari mapema.

Lakini je, zilizoshuka ni nyusi kweli? Simama mbele ya kioo, pandisha nyusi kwa kidole hadi kwenye mfupa wake. Ngozi ya kope ikiwa bado inaangukia jicho, tatizo lipo kwenye kope, na upasuaji wake ni mwingine. Kukata kope peke yake wakati nyusi ndizo zimeshuka kunaweza kuzishusha zaidi.

Na nyusi ikishuka ghafla upande mmoja, pamoja na mdomo kwenda upande, hayo si ya urembo. Huenda ni kiharusi: nenda hospitali saa hiyohiyo.