Milimita Mbili Zenye Jina Moja: Lugha ya Bomba na Waya Baraka

"Nipe bomba ya kumi na sita na waya ya mbili na nusu." Sentensi hii inaeleweka sokoni Baraka bila maelezo. Ukiuliza namba hizo ni za nini, utajibiwa zote ni milimita. Kwa mwanaisimu hapo ndipo kazi inapoanza, maana ni vipimo viwili tofauti, na nyumba inaweza kuungua katikati yake.

Kumi na sita ni kipenyo cha bomba kwa nje, yaani urefu. Mbili na nusu ni milimita za mraba, yaani eneo la mkato wa shaba peke yake, bila ganda lake la plastiki. Neno "mraba" limedondoshwa, kama kawaida ya lugha ya kazi: kinachojulikana na wote hakisemwi. Tatizo ni kwamba si wote wanakijua. Aliye nje ya ufundi huchukua namba hizo mbili na kuzilinganisha, huona 2.5 ni ndogo sana mbele ya 16, kisha hujaza.

Tufanye hesabu. Shaba ya 2.5 ikivikwa ganda lake, kipenyo cha waya mzima hufikia karibu milimita 3.9, na eneo lake karibu milimita za mraba 11.9. Mapokeo ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya vitabu vya ufundi vya Kongo, yana kanuni ya theluthi: waya zote pamoja na maganda yake zisizidi theluthi moja ya nafasi ya ndani ya bomba. Kwa bomba laini la mikunjo la 16, theluthi hiyo ni kama milimita za mraba 30. Kwa la 20, kama 52. Soketi inahitaji waya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ardhini. Jumla ni 35.7. Basi bomba ya kumi na sita haifai, hata kama waya zinapita zikisukumwa. Theluthi mbili zilizobaki ni za joto kutoka na za fundi kuvuta bila kuchuna ganda.

Kwa nyumba za sola, ambazo ni nyingi upande huu wa ziwa, jambo linazidi. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Kwa volti 220 hazifiki hata ampea moja. Umeme wa volti ndogo hudai shaba nene. Waya wa 6 huchukua karibu milimita za mraba 22.9, kwa hiyo waya mbili tu tayari zinadai bomba la 20.

Halafu kuna kona. Kifaransa husema *coude*, Kiswahili kiwiko: lugha zote mbili zimeazima mkono wa mtu, na sitiari hiyo ni sahihi kuliko namba, kwa sababu kiwiko nacho kina mwisho wa kukunjika. Desturi ya Uingereza, iliyoenea Tanzania ng'ambo ya ziwa, hutaka nusu kipenyo cha mkunjo wa bomba, upande wa ndani, kisipungue mara 2.5 ya kipenyo cha nje: kwa bomba la 20, milimita 50. Wamarekani, kwa waya nene kuanzia kama milimita za mraba 21, hudai kisanduku cha kona kiwe na urefu wa angalau mara sita ya saizi ya bomba, kutoka tundu la kuingilia hadi ukuta unaolikabili. Pasipo nafasi hiyo ganda hubanwa konani, mahali ambapo jicho halifiki.

Wamarekani nao wasitucheke. Bomba lao jembamba la chuma linaloitwa "nusu inchi" lina milimita 15.8 kwa ndani, wakati nusu inchi ni 12.7. Kule saizi imekwisha kuwa jina tu.

Kwa kamusi ya ufundi ya Kiswahili cha Kivu, ningeandika vidahizo viwili: "kumi na sita (bomba): kipenyo cha nje" na "mbili na nusu (waya): mraba wa shaba, ganda halimo".