Kizunguzungu: Shingo Isisingiziwe

Askari wa kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, akigeuka kitandani na kuona dari ikizunguka, huenda akadhani shingo imeteguka, akatafuta mtu wa kumnyonga shingo mpaka ialike. Mara nyingi ubovu haumo shingoni. Umo ndani ya sikio.

Humo mna mirija mitatu yenye majimaji, iupimayo mwendo wa kichwa. Chembe ndogo za chokaa zikibanduka na kuingia mirijani, ubongo hupokea habari za uongo, na dunia huzunguka, kwa kawaida kwa muda usiotimia dakika moja.

Kukanda taratibu misuli iliyokaza huburudisha, lakini hakuziondoi chembe hizo. Kuinyonga shingo kwa ghafula kwaweza hata kupasua mshipa wa damu uendao ubongoni na kuleta kiharusi. Daktari John Epley wa Marekani alichapisha mwaka 1992 njia ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua, hadi chembe zitoke mirijani. Haihitaji vidonge wala kisu.

Mgonjwa asipande ngazi wala asiendeshe gari. Ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, jamaa wasingoje: Hospitali ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1903, i jirani.