Hewa Ndiyo Inayosukuma: Utangulizi wa Elimu ya Pampu

Ukishuka Soko la Toi jijini Nairobi kutoka Barabara ya Ngong kuelekea Makina, ukapita vibanda vya mitumba na viatu, utafika kwenye makazi ya Kibera, ambako maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Maji hayo hayakupanda tangini yenyewe. Mahali fulani kulikuwa na pampu, na pampu ilikuwa na mtu wa kuiwasha. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia.

Shika hili kwanza, maana makosa mengi huzaliwa hapa: pampu haivuti maji. Inapunguza tu shinikizo mdomoni mwake, kisha uzito wa hewa iliyoko juu ya kisima huyasukuma maji yapande bombani. Mwaka 1638 mwanasayansi Galileo aliandika kwamba pampu za zama zake zilishindwa kupandisha maji kupita takriban mita 10. Miaka michache baadaye mwanasayansi mwenzake Torricelli akaonyesha kwamba sababu ni uzito wa hewa.

Mita 10, lakini, ni hesabu ya ufukweni. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700, hewa yake ni nyepesi, na kikomo kinashuka hadi karibu mita 8.4. Ukitoa msuguano wa bomba, fundi mwangalifu hapiti mita 6 hivi. Pampu iliyotulia Kisauni, kule pwani, inaweza ikafika Kibera ikalia kama inatafuna kokoto. Kokoto hizo ni mapovu ya mvuke yanayopasuka kwenye impela, yaani gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu, nayo hula chuma. Hata gari la zimamoto linalonyonya maji bwawani linabanwa na mita hizohizo, na Toi, iliyoungua katika ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008 na tena Machi 2019, inajua thamani ya pampu inayowaka mara ya kwanza.

Basi uwashaji huanzia upande wa kuingilia maji. Fungua vali ya huko yote. Jaza pampu maji mpaka hewa iishe, kwani impela ikizunguka hewani haipandishi kitu, na sili huungua. Hakikisha mota inafuata mshale uliochorwa kwenye pampu. Nyaya mbili za fezi tatu zikibadilishana nafasi, inazunguka kinyume. Vali ya kutolea ibaki karibu imefungwa, washa, tazama geji, kisha fungua taratibu. Usichelewe: maji yasiyo na pa kutokea hupata moto humo ndani. Utaratibu huu ni wa pampu za impela tu. Pampu ya pistoni ukiiwasha njia ikiwa imefungwa, itapasua bomba au ijipasue yenyewe.

Wako wanaokaza kamba ya kuzibia shafti hadi tone la mwisho likome, wakidhani wanaokoa maji. Matone hayo ndiyo yanayoipoza shafti. Yaache yadondoke.

Kisima kikizidi mita 6 nilizotaja, kishawishi huwa ni kuishusha pampu ya petroli shimoni ili iyakaribie maji. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua anayeshuka na anayemfuata kumwokoa. Nakusihi: kisima kirefu kitafutie pampu ya umeme ya kuzamishwa, na injini ya petroli ibaki juu, palipo na upepo.