Hali ya hewa: Sange haipati theluji, lakini macho yawe mlimani

SANGE, Kivu Kusini. – Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa mvua katika bonde la Ruzizi. Wakati ndugu zetu walioko Ulaya na Kanada wanatangaziwa theluji, wakaaji wa Sange wajiandae kwa mvua za radi, joto kali kabla yake na ubaridi baadaye. Vipande vyeupe vinavyoanguka hapa ni mvua ya mawe. Nchini Kongo, theluji inakaa juu ya Ruwenzori, mlima wenye mita 5.109.

Hata hivyo, baridi haiko mbali. Uvira iko kwenye mita karibu 770, na vilele vya Itombwe vinapita mita 3.000. Kila ukipanda mita 1.000, joto linapungua kwa nyuzi karibu 6. Kukiwa nyuzi 28 kando ya ziwa, wachungaji wa kule juu wanavaa makoti.

Hewa yenye unyevu ikipanda milima hiyo, inapoa na kuleta mvua. Maji yanashuka kwa nguvu katika mito kama Sange na Kiliba, hata kama bondeni hakujanyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba.

Basi, mawingu meusi yakifunika milima ya magharibi, toeni watoto mtoni, ondoeni mifugo kandokando, na msivuke maji yaliyogeuka rangi ya udongo. Msingoje tone la kwanza.