Mtambaji wa Hadithi na Ujira Wake

Kwa Waswahili, bibi akitamka "Paukwa" wajukuu huitika "Pakawa", wala bibi hadai ujira. Katika uwanja wa Jemaa el-Fna, mjini Marrakech nchini Moroko, utambaji umekuwa kazi ya riziki. Wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, humzunguka mtambaji. Duara hilo huitwa halqa. Kiingilio hakuna. Kwa hiyo mtambaji huikata hadithi pale shauku inapozidi, hukusanya sarafu, ndipo huendelea. Mkato huo ni sehemu ya ufundi wenyewe: asiyejua pa kunyamaza hulala njaa. Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza utamaduni wa uwanja huo kuwa urithi wa binadamu. Hata hivyo watambaji wamepungua sana. Hadithi yaweza kuhifadhiwa kitabuni. Ujuzi wa kunyamaza hurithiwa duarani.