Mti wa Harufu ya Karafuu Katika Milima ya Dominica

Mti huu haumo katika mashamba yetu, lakini ukiponda jani lake kiganjani utadhani umeshika karafuu. Si ajabu. Ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, mpera na mkaratusi, na mafuta yake, kama ya karafuu, yana eugenoli kwa wingi. Wataalamu huuita Pimenta racemosa.

Asili yake ni visiwa vya Karibi. Katika karne ya 19, kwenye kisiwa cha Saint Thomas kilichokuwa koloni la Denmark, mfamasia Albert Heinrich Riise alitengeneza kwa majani hayo manukato yaliyokuja kujulikana kama bay rum. Vinyozi wa Marekani waliyapenda kwa kuwapaka wateja baada ya kunyoa. Neno "rum" lina maana yake, kwani majani yalichemshwa pamoja na pombe ya miwa. Hata hivyo si kinywaji, na anayeyanywa hujidhuru.

Leo mafuta hayo yanajulikana zaidi kutoka Dominica, kisiwa kidogo chenye Wakatoliki wengi. (Tusikichanganye na Jamhuri ya Dominika, ambayo ni nchi nyingine.) Jina lake halitampa shida msomaji wetu: Christopher Columbus alikiona siku ya Dominika, 3 Novemba 1493.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mkulima hupanda mteremko na panga, hukata matawi, huyafunga mizigo na kuyashusha. Majani na vitawi hushindiliwa katika pipa kubwa juu ya moto wa kuni. Mvuke hupenya majani, hubeba mafuta, hupita katika bomba linalopozwa kwa maji, na huko hugeuka kuwa maji na mafuta yanayojitenga. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo, na moto hula kuni nyingi. Uzuri wake ni kwamba mti hauhitaji kung'olewa: ukikatwa matawi huchipua tena, na familia huvuna mti uleule miaka mingi.

Kijiji kilichosifika kwa kazi hii ni Petite Savanne, kusini-mashariki mwa kisiwa, penye miteremko mikali. Tarehe 27 Agosti 2015 dhoruba Erika ilileta mvua kubwa, udongo ukaporomoka juu ya nyumba na watu wakafa. Serikali iliwahamisha wakazi wote, na makazi mapya yakajengwa Bellevue Chopin. Miaka miwili baadaye kimbunga Maria kikakipiga kisiwa kizima.

Kuhama kuliokoa maisha, na sioni serikali ingefanya nini kingine. Lakini nyumba mpya haina shamba la miaka thelathini nyuma yake. Wapo waliorudi mlimani kukata majani na kuwasha moto chini ya mapipa, kwa sababu miti haikuhamishwa pamoja nao.