Picha Nzuri Hutokana na Kamera au na Mpiga Picha?

Katika miji yetu mingi upo ubishi usiokwisha baina ya wapiga picha. Wako wanaoshikilia kuwa picha nzuri hutokana na kamera nzuri, na kwamba mwenye chombo hafifu hana budi kuridhika na picha hafifu. Wengine hudai kuwa kamera ni chuma na kioo tu, na kwamba kila jema hutokana na ujuzi wa aliyeishika.

Ubishi huu si wa kupitishia wakati barazani. Kijana anayetaka kuifanya kazi ya picha kuwa riziki yake hulazimika kuamua mapema: fedha chache alizo nazo, aghalabu za mkopo wa jamaa zake, azitumie kununua chombo cha bei kubwa, au azitumie kujifunza? Akikosea, deni hubaki na wateja humkimbia. Naye mteja hupata hasara isiyolipika, kwa kuwa arusi hairudiwi, na mzee aliyefariki haitwi tena kuja kupigwa picha. Kwa hiyo yafaa, ndugu msomaji, tuitazame kazi ya watu ambao Afrika na dunia imewakubali, tuone wao walitegemea nini.

SHUKA LA KITANDA LA BAMAKO

Seydou Keïta alizaliwa yapata mwaka 1921 mjini Bamako, nchini Mali. Hakusomea picha katika chuo chochote. Kazi aliyofunzwa nyumbani ilikuwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja aliyerejea kutoka Senegal alimpa zawadi ya kamera ya Kodak Brownie. Kamera za jina hilo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1900 kwa bei ya dola moja tu, nazo zilikusudiwa watu wasio na ujuzi wowote, hata watoto. Kwa chombo hicho duni Keïta alianza kujifunza.

Mwaka 1948 alifungua studio yake. Hapo alitumia kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye kutumia filamu za kipande kimoja kimoja, sentimita 13 kwa 18. Filamu hizo zilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo kila mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu mara kumi. Ilimlazimu fundi amalize kazi yake kabla ya kubonyeza: aupange mkono wa mteja, ageuze kichwa kidogo, alaze mikunjo ya nguo, kisha angoje uso utulie. Mwanga wake mkubwa ulikuwa ule wa mchana uani. Pazia lake la nyuma, katika picha zake nyingi za mwanzo, lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe.

Picha hizo zilizopigwa mbele ya shuka zilionyeshwa mjini Paris mwaka 1994, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa picha bora za watu zilizopata kupigwa katika karne iliyopita. Ni kweli kwamba ile filamu kubwa ilimsaidia, maana ilinasa hata nakshi ndogo za kitambaa. Lakini kamera za namna ile zilikuwamo katika studio nyingi duniani, na nyingi kati ya studio hizo hazikumbukwi tena na mtu.

KAZI HUCHAGUA CHOMBO

Hata hivyo, tusiende mbali mno tukasema kuwa chombo si kitu. Katika mji ule ule wa Bamako, Malick Sidibé alifungua studio yake miaka kumi hivi baada ya Keïta. Yeye alipenda kuwafuata vijana katika dansi zao za usiku, akienda kwa baiskeli kutoka sherehe moja hadi nyingine. Kwa kazi hiyo kamera kubwa ya miguu mitatu isingemfaa hata kidogo. Alihitaji kamera ndogo ya mkononi, yenye taa ya kumulika mara moja. Mwaka 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

Hali kadhalika, anayepiga picha za simba mbugani kwa kusimama mbali hawezi kufanya kitu bila lenzi ndefu, wala anayepiga picha za mpira chini ya taa za uwanja hawezi kutegemea kamera inayohitaji jua kali. Ndiyo kusema chombo huweka mpaka wa yale yanayowezekana. Bali ndani ya mpaka huo, anayeamua ni mtu.

MOHAMED AMIN

Ushahidi wa karibu nasi ni wa Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Yeye pia alianza na Brownie, tena iliyokwisha tumika. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix huko huko Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem, nchini Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga filamu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Filamu hiyo ilipoonyeshwa, watu wa nchi nyingi walishtuka na misaada ikamiminika.

Njaa ile haikuanza siku Amin alipofika, na kamera za televisheni zilikuwa nyingi duniani. Tofauti ilikuwa mtu aliyejua namna ya kufika mahali palipokuwa pagumu kufikika, akajua pia asimame wapi na atazame nini. Mwezi wa Juni 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafariki. Amin alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini na kuendelea hadi alipokufa katika ajali ya ndege huko Komoro mwaka 1996. Hakuna duka linalouza ustahimilivu wa namna hiyo.

NGOZI YETU NA KIPIMA MWANGA

Lipo jambo moja zaidi ambalo mpiga picha wa Kiafrika hana budi kulijua. Kwa miaka mingi waliotengeneza filamu za rangi walizirekebisha kwa kufuata kadi zenye sura ya mwanamke mweupe. Chombo hicho hakikutengenezwa kwa kufikiria uso mweusi.

Tena, kipima mwanga cha kamera hudhani kuwa kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni cha rangi ya kijivu ya wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama kivuli kisicho na macho. Ndivyo inavyokuwa kwa bwana arusi mwenye suti nyeusi kando ya bibi arusi mwenye shela nyeupe, na kwa mzee mwenye kanzu siku ya Idi. Hata kamera ya bei kubwa inaweza kukosea hivyo hivyo isipoongozwa.

Dawa yake haina bei. Pima mwanga usoni wala si ukutani. Ukitumia simu ya mkononi, ambayo leo ndiyo kamera ya wengi, gusa uso juu ya kioo kisha ongeza mwanga. Jua la saa sita likitia giza machoni, mwite mtu chini ya kivuli cha baraza, aelekee uwazini. Ukuta wa udongo ni bora kuliko ule wa chokaa. Kijana anayeyajua haya, akiwa na kamera ya kuazima, atampita yule mwenye kamera mpya asiyeyajua.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anza na chombo ulicho nacho, ukijue mpaka ujue kinashindwa wapi. Siku kazi yenyewe itakapokudai lenzi ndefu au taa bora, hapo nunua, maana utakuwa unajua unanunua nini na kwa sababu gani. Kabla ya siku hiyo, anayeilaumu kamera yake kwa kila picha mbaya na akumbuke walivyosema wahenga: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.